Samaki wa Mama wa Bondeni, na karai langu lenye uzi mwekundu

Nianze na samaki, maana ndiye aliyenifikisha pale. Ngege wa kukaanga, shilingi 350. Wa mchuzi wa nazi, 450. Ugali 50, mboga za kienyeji 50. Kachumbari ni ya bure, ila ukiomba mara ya pili utaangaliwa kwanza ndipo uletewe. Hoteli haina bango. Iko Bondeni, hapa Nakuru, mlango wa buluu ubavuni mwa fundi wa baiskeli, na ukiuliza "kwa Mama wa samaki" hata mtoto wa nasari atakushika mkono akufikishe. Meza tano, mabenchi, televisheni moja juu ya friji, na choo ambacho nitakizungumzia mwishoni nikipata ujasiri.

Mimi huuza waru, yaani viazi. Nalima Nyandarua, na Jumatatu na Alhamisi nateremka na magunia kwa pikapu ya jirani, tunashukia Dundori, tunaingia Nakuru kabla soko halijachangamka. Na mimi ni Myahudi. Nalisema mapema kwa sababu bila hilo hamtaelewa kwa nini mtu mzima anaandika kurasa nzima kuhusu karai. Watu wakilisikia hucheka kwanza: Myahudi gani mwenye lafudhi ya Kikuyu? Tupo, wachache. Tulianzia kwenye kanisa la Kimasihi, la Wakristo wanaoshika desturi za Kiyahudi, tukasoma, tukabishana, tukaona tunachokitafuta hakimo humo, tukatoka. Ng'ambo ya Malaba, kule Mbale, wapo Abayudaya, Wayahudi wa Uganda, ambao mzee wao, Semei Kakungulu, alishika Torati mwaka 1919. Ukitulinganisha nao, sisi bado tunanyonya.

Sasa, kula nje kwa mtu kama mimi ni kazi. Nyama naiacha kabisa. Samaki lazima awe na mapezi na magamba, na nitake kuyaona magamba hayo kwa macho yangu kabla hajaparwa. Kambare hapana, kamongo hapana. Mafuta yasiwe yale yaliyokwisha kukaangia kambare tangu asubuhi. Chombo kiwe safi kwa maana yetu sisi, si kwa maana ya sabuni tu. Na juu ya hayo, mkono wa Myahudi uwe umeshiriki kwenye moto wenyewe. Nilijaribu kueleza haya katika hoteli moja kubwa ya barabarani na mhudumu akaniambia, "Mzee, hapa ni hoteli, si hospitali." Sikumlaumu.

Mama hakucheka. Alisikiliza akiwa amesimama na kisu mkononi, kisha akauliza, "Ni kama halali yetu?"

"Inakaribiana, Mama. Ila yetu ina kona nyingi."

"Basi lete karai lako mwenyewe. Sitaki kubeba dhambi za watu."

Nikanunua karai kwa shilingi 600, nikalifunga uzi mwekundu kwenye sikio moja, na yeye akalipigilia msumari wake pekee ukutani, mbali na mengine. Akanitengea na jiko dogo la makaa. Hiyo ni miaka saba sasa. Nafika saa tano, nampigia kiberiti lile jiko, nakwenda sokoni kuangalia kama mnunuzi wangu hajanibadilishia bei, narudi makaa yameshika. Ndiyo maana pale ndani hakuna anayelijua jina langu. Naitwa Baba Kiberiti.

Na samaki wenyewe? Mama ni Mjaluo wa Kaloleni ya Kisumu, Mwislamu aliyezaliwa kwenye dini, na sahani yake inayaonyesha yote mawili. Anampasua ngege mgongoni badala ya tumboni, anampiga mikato mitatu kila upande, chumvi na limau zinaingia mpaka kwenye mfupa, halafu anamwacha kwenye wavu akauke. Hapo ndipo wengine wanapoharibu: samaki mbichi mwenye maji hurukisha mafuta na ngozi hushikana na chombo. Wa kwake akiingia kwenye karai hutoa sauti moja tu, ya kutulia, kama mtu aliyeketi baada ya safari. Mkia unavunjika kama kaki. Nikila wa nazi huwa naacha kichwa mpaka mwisho, nakinyonya nikiwa sitazami mtu. Kasoro: ugali wake ni laini mno kwangu, ugali wa kizazi cha televisheni. Na ukifika Ijumaa, jua kwamba saa sita na nusu mlango unafungwa kwa ajili ya sala, hufunguliwa saa nane, na mimi saa nane Ijumaa natakiwa niwe barabarani ili jua lisinizamie njiani, maana likizama Sabato imeingia. Ijumaa hatupatani kabisa, mimi na yeye, na sababu ni ile ile kwa wote wawili.

Sasa nifike penye uzito.

Tarehe 7 Oktoba 2023 ilikuwa Jumamosi, Sabato, na sikukuu juu yake. Sisi tulio nje ya nchi ya Israeli tunaishika siku mbili, kwa hiyo simu ilikaa imezimwa mpaka Jumapili usiku. Nilipoiwasha ilitetemeka mezani kama nyuki. Hamas walikuwa wameishambulia Israeli. Hesabu ilipokuja kukamilika, watu wapatao 1,200 walikuwa wameuawa. 251 walikuwa wamechukuliwa mateka, kati yao vitoto na vikongwe. Baadaye tukajua kwamba walikuwemo hata vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda kule kujifunza kilimo, na kwamba wote wawili walikufa. Mimi ni mkulima. Hao ndio niliowaona usiku, wamevaa gambuti, wakijifunza kumwagilia.

Nilikaa wiki sita bila kukanyaga kwa Mama. Nilikula mkate na ndizi nikiwa nimekaa juu ya magunia. Ningependa kusema nilikuwa naomboleza. Niliogopa tu. Nilijua televisheni ile inaonyesha nini, na nilijua ni akina nani wanaoitazama.

Siku niliyorudi ilikuwa Alhamisi. Kwenye televisheni kulikuwa na mwanamume amebeba kitu kidogo kilichofungwa sanda, na yeye mwenyewe mweupe kwa vumbi mpaka kope. Sauti ilikuwa imepunguzwa. Juu ya kaunta kulikuwa na mkebe wa maziwa ya unga, kifuniko kimetobolewa kwa kisu, umebandikwa karatasi iliyoandikwa GAZA kwa kalamu ya mwanafunzi. Watu wakanyamaza nilipoingia. Kijana mmoja wa bodaboda akasema, si kwa kunong'ona, "Mama, bado unaning'iniza karai la hawa watu?"

Mama alikuwa anapara samaki. Hakuinua uso. "Karai ni lake, ukuta ni wangu. Wewe maliza chai, kuna anayengoja kiti."

Halafu akakisukuma kiberiti kuelekea kwangu kwa kiwiko, kwa sababu mikono yake yote ilikuwa magamba. Yalikuwa yamemganda mpaka juu ya bangili, yanametameta. "Baba Kiberiti, watu wako wazima?"

Nikamwambia hawako wazima. Nikamweleza yote, mateka, wale vijana wa Tanzania, kila kitu, mle mle mbele ya wale waliokaa. Alisema, "Pole. Pole sana," akarudi kwa samaki wake. Hakuweka "lakini" nyuma ya ile pole. Mpate kunielewa: wiki zile sita nilikuwa nimepewa pole nyingi, na karibu kila moja ilikuwa na lakini imefungwa mkiani kama kopo kwenye mkia wa mbwa.

Nikala, nikalipa, nikaondoka. Tulipokuwa tunapanda Dundori, pikapu inanguruma kwa gia ya pili, ndipo nilipotambua kwamba mimi sikumpa yeye pole yoyote. Picha ile ilikuwa mbele yetu wote wawili. Niliitazama nikageuza shingo kuangalia jiko.

Mtaniambia Mama hana ndugu Gaza. Kweli hana. Na mimi sina hata binamu mmoja Israeli. Lakini mimi nikisali nageukia Yerusalemu, na watu wa kule nawaita ndugu zangu kila asubuhi kwa mdomo wangu. Na yeye akisujudu anasujudu na wale. Kama undugu wangu ni wa kweli, wake utakuwaje wa kuazima?

Jumatatu iliyofuata nikamwambia. "Mama, pole na watoto wa Gaza." Maneno sita, na ulimi ulikuwa mzito kama nimetoa siri ya nyumba yetu nje. Nilihisi kuna mtu nyuma yangu anasikia na atanishtaki. Hakukuwa na mtu. Mama akasema, "Asante, baba. Haya washa, makaa yameshika umande."

Kuhusu mkebe, nitasema kama ilivyo, na atakayenikasirikia anikasirikie. Nilimuuliza pesa zinakwenda wapi. Akasema msikitini, na kutoka hapo hajui. Nikamwambia mimi basi siwezi kutia. Nikijua inafika kwa mtoto nitatoa, nisipojua naogopa inaweza kurudi ikiwa risasi kwa watu wangu. "Usipojua usitoe," akasema. "Mkebe sikuuweka kwa ajili yako." Hakununa. Lakini siku hiyo nazi ilikuwa nyepesi, au labda ni dhamiri iliyoniharibia ladha. Tangu hapo chenji yangu huwa naiacha kwa yule anayekuja na njaa bila pesa, na pale Bondeni hao hawakosekani. Sijidanganyi kwamba ni kitu kimoja.

Nyumbani nako palikuwa moto. Sabato moja, baada ya sala, mzee wetu mmoja aliyesikia habari za mkebe aliniuliza kama ni kweli nakula mezani penye mchango wa Gaza. Nikasema ni kweli. Akasema wahenga wetu walinena: anayewahurumia wakatili mwisho wake huwa mkatili kwa wenye huruma. Nikasema mtoto wa miaka mitatu aliyeko chini ya saruji si mkatili. Akanijibu kwa Vivian Silver. Huyo alikuwa mama wa miaka 74, wa kijiji cha Be'eri, aliyetumia miaka akiwabeba wagonjwa wa Gaza kwa gari kuwapeleka hospitali za Israeli. Aliuawa siku ile ile, nyumbani kwake. "Haya," mzee akasema, "huruma yake ilimfikisha wapi?"

Sikuwa na jibu la haraka, na hata sasa sina refu. Najua tu kwamba mwanawe, baada ya kumzika, aliacha kazi yake akaishika ya mama yake ya kutafuta amani. Kama yeye hakuona kwamba mama alikosea, mimi wa Nyandarua nitaonaje?

Lakini nilikuwa na jambo lingine kifuani, kwa sababu mimi ndiye mpiga baragumu wetu siku ya Mwaka Mpya wa Kiyahudi, ambayo kwetu ni siku ya hukumu. Baragumu hulia mara mia. Ile milio ya kukatika-katika, kama mtu mwenye kwikwi, wahenga waliipima kwa kilio cha nani? Si cha Raheli. Waliipima kwa mama yake Sisera. Somo liko Waamuzi 5: Sisera, jemadari aliyetutesa miaka ishirini, hakurudi kutoka vitani, mama yake anachungulia dirishani akilia, mbona gari lake linakawia? Wapo wahenga waliosema hata ile idadi ya mia inatokana na vilio vyake. Na huyo mama hakuwa mwema! Endelea kusoma mstari wa 30: anajituliza kwa kuwaza kwamba mwanawe amechelewa kwa kugawana mateka, msichana mmoja au wawili kwa kila mwanamume. Wasichana hao ni binti zetu. Pamoja na hayo, kilio chake ndicho tunachokipeleka mbele ya Mungu siku ya hukumu, kwa mapafu yetu wenyewe.

Mzee alinisikiliza. "Hiyo ni siku mbili kwa mwaka," akasema.

"Na Pasaka je?" Pasaka tunadondosha matone kumi kutoka kikombe cha divai (sisi huchemsha zabibu kavu, msitucheke), tone kwa kila pigo la Misri, ili kikombe chetu kisijae wakati wengine walikufa.

"Na kikombe tunakinywa," akasema. Mzee ni mkali. Nampenda kwa hilo, na ana haki: tunakinywa. Mimi simwombi mtu yeyote asikinywe. Nilitaka vita ile iishe watu wangu wakiwa hai na mateka wakiwa makwao, na sijawahi kutaka lingine.

Yule kijana wa bodaboda aliendelea kunichokoza kwa miezi, lakini uchokozi ukapungua makali. Siku moja akaja na habari aliyoisoma. "Kumbe nyinyi Wayahudi, Waingereza waliwapa Uasin Gishu mkaikataa?" Nikamwambia ni kweli, ilitolewa mwaka 1903, Wazayuni, yaani Wayahudi waliokuwa wakitafuta nchi yao, wakatuma watu kuja kuitazama, na mwaka 1905 mkutano wao ukakataa. Wanandi na wengine waliokuwa wakilisha ng'ombe pale hawakuulizwa wakati wa kutoa wala wakati wa kukataa. "Tungekubali," nikamwambia, "leo huo mkebe ungekuwa wa kunichangia mimi au wa kumchangia Mnandi?" Alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Siku hizi hunipisha nikikuta benchi limejaa.

Ni Mama aliyenisimulia la Januari 2008, la ghasia za baada ya uchaguzi, bila kuulizwa, siku ya mvua isiyokuwa na wateja. Usiku ule Nakuru ilipowaka alikimbia na watoto watatu na blanketi moja, akalala uwanja wa Afraha. Kaka yake hakufika. Nikamwambia shangazi yangu alilala Showground mwezi huo huo, ametoka Molo nyumba imebaki majivu. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia zile, ilihesabu waliokufa nchi nzima kuwa 1,133. Mjaluo na Mkikuyu, uwanja kwa uwanja, mwendo mfupi kati yao, kila mmoja akilia wa kwake na kumwogopa wa upande ule. Nikamuuliza aliwezaje kuniuzia samaki baada ya hapo. Akaniangalia kama nimeuliza swali la mjinga. "Ulikuja na njaa," akasema. Halafu akaongeza, na hili nimelibeba mpaka leo, "Sikusema sikumbuki. Namkumbuka kaka yangu kila siku. Wewe nani alikuambia nikikukaangia nimemsahau?"

Mara ya mwisho ninayotaka kuitaja ni Jumatatu, 13 Oktoba 2025. Nilikuwa na haraka kwa sababu sikukuu ilikuwa inaingia jioni. Televisheni ilikuwa inaonyesha mateka wa mwisho waliokuwa hai wakirudi. Mama mmoja alikuwa amemshika mwanawe kichwa kwa mikono miwili, anakigeuza huku na huku kama anayekagua tikiti maji sokoni. Mama wa samaki alikuja akasimama kando yangu na mwiko. "Mshike, mshike," akawa anaiambia televisheni. Kisha picha ikahamia mabasi ya wafungwa wa Kipalestina walioachiliwa, na mama mwingine, wa baibui, naye akishika kichwa cha mwanawe vile vile. "Na wewe mshike," akasema.

Kwenye mabasi yale palikuwa na waliofungwa bila kufikishwa mahakamani, na palikuwa na waliohukumiwa kwa kuua Wayahudi. Nilijua. Nilikaza taya. Sikuweza kusema "mshike" wa pili. Lakini sikugeuza shingo pia. Nilimwangalia yule mama mpaka wakabadilisha picha, na Gaza ikaonekana, watu wakitembea kurudi kwenye vifusi wamejitwika magodoro, nchi ambayo wizara yake ya afya ilikuwa imehesabu wafu zaidi ya 60,000. Samaki wangu akaungua upande mmoja. Ndiyo mara pekee katika miaka saba.

Basi, kwa wanaotaka ushauri wa kula: nenda kabla ya saa saba mchana, baada ya hapo ngege wakubwa wamekwisha na utapewa vidagaa vilivyovaa jina la ngege. Chukua wa nazi. Kama una masharti ya chakula, ya dini au ya daktari, mwambie waziwazi na uje na chombo chako, atakipigilia msumari. Usiombe stesheni ibadilishwe. Kulipa ni kwa simu au taslimu, ila akikosa chenji andika mahali, maana kumbukumbu yake kwa madeni yako ni kali kuliko kwa madeni yake; ananidai sifuri na mimi namdai hamsini tangu Agosti.

Karai langu limeanza kulegea sikio, lile lenye uzi. Fundi wa baiskeli amesema ataligonga ripiti bure nikimletea debe la waru. Na choo, nimekosa ujasiri. Nendeni kabla ya kutoka nyumbani.